Treni Imerudi. Inasimama Saa Ngapi?

Ukitaka kujua kama stesheni ya mji mdogo iko hai, usitazame jengo. Majengo ya reli yalijengwa na watu waliokusudia kukaa. Hufungwa miaka ishirini na bado yakasimama na heshima zao. Tazama kijia kinachotoka sokoni kuja jukwaani. Kikiwa cheupe kwa nyayo, treni ipo. Kikiwa kimemezwa na nyasi, hata kama mataruma ni mapya na bango limepigwa rangi juzi, hapo treni inapita tu.

Desemba 2019 treni ya abiria iliondoka Dar es Salaam ikafika Moshi, safari iliyokuwa imekoma tangu miaka ya 1990. Oktoba 2020 ikafika Arusha. Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Lakini habari zilizoandikwa zilihusu zaidi miji ya mwanzo na mwisho wa safari. Kati ya Ruvu na Moshi kuna Mkalamo, Mnyusi, Korogwe, Mombo, Mkomazi, Buiko, Hedaru, Makanya, Same, Lembeni na Kahe. Watu wa miji hiyo ya katikati treni imewarudishia nini?

Swali hili si la reli ya kaskazini peke yake. Kenya nayo imerudisha treni Nanyuki na Kisumu. Reli ya kisasa, SGR, imefungua stesheni mpya katika vijiji ambavyo wengi hawakuwahi kuvisikia. Kila mara ahadi ni ileile: reli itainua miji midogo. Wakati mwingine huinua kweli. Wakati mwingine mji hubaki kuhesabu mabehewa tu. Kinachotofautisha, kwa maoni yangu, si reli yenyewe bali ratiba. Mji hunufaika na treni inayosimama saa ambayo watu wako macho, inayokuja mara nyingi kiasi cha mtu kupanga shughuli zake juu yake, na inayosimama mahali ambapo watu wapo. Likikosekana moja katika hayo matatu, faida hupungua nusu. Yakikosekana yote, kinachobaki ni honi.

Miji iliyozaliwa na reli, ikalelewa na lami

Ujenzi wa reli ya kaskazini ulianzia Tanga mwaka 1893, enzi ya Wajerumani. Ulikwenda kwa kusuasua: Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Moshi 1911. Arusha ilifikiwa mwaka 1929, chini ya Waingereza. Kwa miaka mingi njia hiyo haikuungana na Dar es Salaam. Iliangalia bandari ya Tanga na, kupitia kipande cha Voi hadi Kahe kilichojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikaangalia pia Mombasa. Kiungo cha Ruvu na Mnyusi kilifunguliwa mwaka 1963, na ndipo mtu wa Moshi akaweza kufika Dar es Salaam kwa treni bila kuizunguka dunia.

Kila mji njiani ulipata kazi yake kutoka kwa reli. Korogwe ilikuwa ya katani. Mombo ilikuwa mlango wa Usambara, mahali ambapo mazao ya Lushoto yaliteremka mlima yakakutana na behewa. Makanya ilikuwa na katani na jasi. Kahe iliishi kwa kuwa makutano. Palipokuwa na stesheni palikuwa na kota za wafanyakazi, tangi la maji, duka la Mhindi au Mwarabu, na mtu mwenye saa ambayo mji mzima uliiamini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli lilivunjika nayo, na Tanzania ikaanzisha Shirika la Reli Tanzania, TRC. Njia ya Voi ikabaki yatima mpakani. Vichwa vya treni vikachakaa, mwendo ukapungua, na barabara ya lami inayokwenda sambamba na reli ikachukua abiria mmoja mmoja hadi wakaisha. Baada ya biashara kulegezwa, mabasi yaliongezeka, na basi liliweza kumfikisha mtu siku hiyohiyo.

Jambo moja husahaulika mara nyingi: miji haikufa treni ilipoondoka. Iligeuka. Mombo ikawa mahali ambapo mabasi yanasimama abiria wale. Segera ikakua kwa sababu ni njia panda. Korogwe ikajenga maisha yake kuzunguka stendi. Maduka mapya yakafungua milango upande wa lami, na upande wa reli wakaweka jiko na choo. Kwa hiyo treni iliporudi mwaka 2019 haikuukuta mji unaoisubiri. Iliukuta mji uliokwisha kuipa mgongo. Kurudisha treni ni kazi ya mafundi. Kuugeuza mji uitazame tena ni kazi nyingine kabisa, na mara nyingi hakuna aliyepewa kazi hiyo.

Nani anapanda?

Haikuwa bahati kwamba treni ya Moshi ilirudi Desemba. Ndio mwezi ambao Wachaga hurudi nyumbani, kwenda kuhesabiwa kama watani wanavyosema, na ndio mwezi ambao tiketi ya basi hupatikana kwa kujuana. Treni ilikuja na nafasi nyingi, nauli ya daraja la tatu iliyo chini ya ile ya basi, na mahali pa kuweka mzigo bila kugombana na kondakta.

Huyo ndiye abiria halisi wa treni ya reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja: mtu mwenye mzigo mkubwa kuliko haraka. Mama mwenye watoto wanne anayepiga hesabu ya nauli tano. Mwanafunzi mwenye godoro na tranka. Mzee ambaye miguu yake haivumilii kukunjwa saa kumi kwenye kiti cha basi. Familia inayohama na vyombo vyake. Watu hawa hawaonekani sana katika mijadala ya usafiri kwa sababu hawana haraka, na dunia ya wapanga mipango hupenda kuwahesabu wenye haraka.

Lakini wengi wao wanatoka mwanzo wa reli kwenda mwisho wake. Treni huondoka Dar es Salaam mchana na kufika Moshi asubuhi. Kwa mtu wa Moshi, saa hizo ni nzuri: unalala, unaamka umefika. Kwa mtu wa katikati, maana yake ni kwamba treni inapita Korogwe usiku na Mkomazi usiku wa manane. Mgonjwa wa Hedaru anayetaka kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, hawezi kuitumia. Atasimama stesheni gizani, siku ambayo huenda si siku ya treni, maana safari ni chache kwa wiki. Mwalimu wa Same mwenye shughuli Moshi asubuhi na anayetaka kurudi jioni hawezi kuitumia pia. Wote wawili wataenda barabarani, watapunga mkono, na Noah au Coaster itasimama.

Katika ramani, Hedaru imepata treni. Kwa mtu anayeishi Hedaru, Moshi imepata treni inayopita Hedaru.

Dakika kumi za dirishani

Faida ambayo mji mdogo huiona kwanza ni biashara ya jukwaani, na hapo reli ya kati ndiyo shule. Msafiri yeyote wa Kigoma au Mwanza anaijua Saranda, mkoani Singida, na kuku wake. Treni kabla haijasimama vizuri, masinia yamekwisha kupanda vichwani. Mikono inatoka madirishani, mingine inaingia. Bei inatajwa mara moja. Hakuna muda wa kuvutana. Mnunuzi wa daraja la tatu anataka kwanza kuona paja, muuzaji anataka kwanza kuona noti, na wote wawili sikio moja liko kwenye honi. Anayeuza kwa sahani zake ana hatari ya ziada: sahani isiporudi kabla magurudumu hayajaanza kusaga, imekwenda Tabora.

Ukiitazama kwa makini, hii ni biashara yenye sifa adimu. Haina pango, haihitaji mtaji mkubwa, inaingiza mjini fedha za watu wa mbali, na kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wanawake na vijana. Hoteli ya barabarani hukusanya abiria wote wa basi mbele ya kaunta moja ya mwenye mali mmoja. Treni yenye mabehewa kumi na tano ina madirisha mia kadhaa, na kila dirisha ni duka.

Lakini biashara hiyo inategemea mambo mawili. La kwanza ni saa. Kuku wa kuchemsha huuzika saa saba mchana na saa moja jioni. Saa tisa usiku kinachouzika ni chai, na chai ya usiku inamtaka muuzaji aache watoto nyumbani peke yao na atembee gizani na fedha. La pili ni dirisha lenyewe. Treni za SGR zina viyoyozi na madirisha yasiyofunguka, stesheni zina uzio na ukaguzi, na asiye na tiketi hafiki jukwaani. Usalama na usafi umepatikana, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Ila ni haki kusema wazi kwamba aina moja ya uchumi wa mji mdogo imefungiwa nje pamoja na vumbi. Kama haikutengewa vibanda ndani ya uzio, haikuhamishwa, imefutwa.

Somo la Kipisi

Mfano bora wa treni kuinua miji midogo tunao hapahapa, na si wa treni ya haraka. Ni TAZARA katika bonde la Kilombero.

Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ipate bandari isiyo chini ya makaburu. Wakubwa walihesabu tani za shaba. Lakini katika bonde la Kilombero kulikuwa na treni nyingine, ya kusimama kila stesheni, ambayo wenyeji waliiita Kipisi. Hiyo ndiyo iliyobeba mpunga wa Mngeta, ndizi za Mlimba, kuku, samaki wakavu, na wafanyabiashara wadogo waliopanda kituo kimoja na kushuka cha tatu.

Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu TAZARA, alipekua stakabadhi za vifurushi za stesheni hizo ndogo. Kwenye karatasi hizo kuna picha ambayo takwimu za makao makuu hazina: watu waliohamia kuishi kandokando ya reli, wakapanda mazao kulingana na siku za treni, na wakajua bei ya soko la stesheni ya mbele kabla hawajafunga gunia. Shirika lilipotaka kupunguza huduma hizo katika miaka ya 1990, wananchi walipinga kwa maandishi. Watu hawaandiki barua kutetea treni inayowapita usiku.

Kipisi haikuwa na mwendo, haikuwa na viyoyozi, na hakuna waziri aliyejivunia kuizindua. Kilichoifanya injini ya uchumi wa bonde ni kwamba ilisimama kila mahali na watu waliijua siku yake.

Mkulima hapangi foleni

Mara nyingi husemwa kwamba treni ya abiria itamfikisha mkulima sokoni. Tupige hesabu ya mtu mmoja. Chukua mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba, milimani wilaya ya Same. Tangawizi yake inateremshwa mlima kwa gari. Ikishafika chini, gari hilo liko barabarani, na barabara hiyo inafika hadi Dar es Salaam. Kuipeleka stesheni maana yake ni kuishusha, kuipima, kusubiri siku ya treni, kuipakia, kisha kuishusha tena Dar es Salaam, kutafuta gari dogo la kirikuu na kuipeleka sokoni. Kila kupakia kuna mtu wa kulipwa na gunia la kuchanika.

Mboga za Lushoto zina kikwazo kigumu zaidi. Lori linalopakia Mombo jioni linataka kufika Dar es Salaam kabla ya alfajiri, kwa sababu soko la mboga huamka usiku. Kabichi iliyofika saa nne asubuhi si kabichi ya leo tena. Hapa tena mshindani wa treni si nauli, ni saa.

Hata hivyo ipo mizigo inayoipenda treni: ile isiyooza, ya mtu mmojammoja, isiyojaza lori. Mafungu ya mitumba, baiskeli, magodoro, vitunguu vya kuhifadhi, mbao chache, vifaa vya dukani. Muuza duka wa Buiko anayeagiza bidhaa za laki tatu hakodishi Fuso. Hutegemea buti la basi na hisani ya kondakta. Behewa la vifurushi lenye bei iliyobandikwa ukutani na siku isiyobadilika lingemfaa kuliko hotuba yoyote kuhusu kilimo. Kwa mji mdogo, stoo ya vifurushi inaweza kuwa na thamani kuliko chumba cha kusubiria abiria.

Ardhi na alama ya X

Reli ikilala miaka ishirini na tano, watu huiamkia. Hifadhi ya reli, ambayo TRC huihesabu kuwa mita 15 kila upande mijini na mita 30 vijijini, iligeuka kuwa shamba la mahindi, gereji, genge, kanisa, nyumba ya vyumba viwili. Wengine walijua wanavamia. Wengine waliuziwa na mtu mwenye muhuri. Wengine walizaliwa hapo na hawajawahi kuiona treni ya abiria maishani mwao.

Kisha zikaja brashi za rangi nyekundu. Alama ya X ukutani, ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, ndiyo barua ya kwanza ambayo kaya nyingi za kandokando ya reli zilipokea kutoka kwa ufufuaji wa reli. Kenya nayo imepitia hayo; mapema mwaka 2021, wakati njia ya kwenda Kisumu ikitengenezwa, familia za Wanubi wa Kibos zilibomolewa makazi kwenye ardhi inayodaiwa kuwa ya reli, ingawa jamii hiyo inasema imeishi hapo vizazi kadhaa.

Usalama unahitaji nafasi. Hilo halina ubishi. Treni haikwepi, na watoto waliokua wakicheza juu ya reli iliyokufa wanahitaji kufundishwa upya, na vivuko vya barabara vinahitaji vizuizi na taa. Lakini kuna tofauti kati ya nyumba iliyo mita tano kutoka kwenye tuta na genge la nyanya lililo mita kumi na nne. La pili lingeweza kupewa kibali cha mwaka mmoja, kodi ndogo, na sharti la kutojenga cha kudumu. Mji ungepata soko lake la stesheni na shirika lingepata kodi na macho ya kulinda mataruma. Tukibomoa vyote kwa kipimo kimoja, tunasafisha njia ya treni na papo hapo tunawafukuza wateja wake.

Upande wa pili kuna wanaonunua. Stesheni za SGR kama Soga na Ngerengere zimekuwa majina ya matangazo ya viwanja, na dalali hatumii tena neno porini; anasema karibu na stesheni. Mwenye shamba aliyekawia kuuza amefaidi. Aliyeuza mapema, kabla ramani haijajulikana, alimuuzia mtu aliyekuwa ameshaiona. Aliyepanga nyumba hapo hakuulizwa.

Wanaopoteza

Uchambuzi wowote wa reli usiowataja wanaopoteza ni tangazo. Treni ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilipoanza Julai 2024, kwa nauli ya shilingi 31,000 ya treni ya kawaida, abiria wa barabara ya Morogoro walipata njia ya kuruka Chalinze, Mdaula, Dumila na Gairo zote kwa pamoja. Miji hiyo haikuwa na reli ya kuipoteza. Ilikuwa na abiria. Muuza mishikaki wa Chalinze hajafukuzwa na mtu yeyote. Ni wateja waliohamia njia nyingine, na hakuna ofisi ya kwenda kudai fidia ya mteja.

Kenya iliona jambo hilohilo kwa upande wa mizigo. Agosti 2019 serikali ilipoagiza makontena ya bandari ya Mombasa yapande reli, malalamiko hayakutoka kwa wenye malori peke yao. Miji ya barabara kuu kama Mariakani, Voi na Mtito Andei ina mafundi wa tairi, wauza vipuri, mahoteli na nyumba za kulala wageni, na riziki yao yote iko kwenye lori lililosimama. Ajabu ni kwamba miji hiyo mitatu ina stesheni za SGR. Kuwa na stesheni hakukuwakinga, kwa sababu treni haichoki, hailali, na haipati pancha.

Kuna hasara nyingine ya kimyakimya. Njia ya kuleta wateja ndiyo njia ya kuwachukua. Treni nzuri ya mchana kati ya Same na Moshi ingemwezesha mtu wa Same kununua Moshi kwa bei ya Moshi. Muuza duka wa Same analijua hilo kabla ya mchumi yeyote.

Nanyuki na Galashiels

Desemba 2020 treni ilirudi Nanyuki, kupitia Thika, Sagana, Karatina na Naro Moru, kwa nauli ya shilingi 200 za Kenya kutoka Nairobi. Ilijaa, hasa sikukuu. Mwaka mmoja baadaye ikarudi Kisumu. Lakini ratiba zilizozoeleka zilikuwa za wikendi: kutoka Nairobi Ijumaa, kurudi Jumapili. Hiyo ni ratiba ya mtu wa Nairobi anayekwenda ushago. Mfanyabiashara wa Karatina, mji unaojulikana kwa soko lake, anataka kitu kinyume: kwenda Nairobi siku ya kazi alfajiri na kurudi jioni. Treni yake inakwenda upande usio wake, siku isiyo yake, kwa muda karibu mara mbili ya ule wa basi dogo, matatu.

Linganisha na Scotland. Njia ya kwenda wilaya za Borders ilifungwa Januari 1969. Septemba 2015 ilifunguliwa upya kipande cha kilomita kama 48, kutoka viunga vya Edinburgh hadi Tweedbank, kikiwa na stesheni mpya saba, nyingine katika vijiji kama Stow. Katika mwaka wa kwanza zilifanyika safari zaidi ya milioni moja. Nchi ile ina fedha na ina Edinburgh karibu. Hatuwezi kujilinganisha mfukoni. Tunaweza kujilinganisha kichwani. Treni hiyo haikurudi kwa sherehe ya mara mbili kwa wiki. Ilirudi ikipita kila nusu saa. Na mjini Galashiels stendi ya mabasi ilijengwa ng'ambo tu ya barabara kutoka stesheni, ili anayeshuka treni asiulize njia. Kwetu, SGR ya Morogoro iko upande wa Kihonda, nje kidogo ya kitovu cha mji, na Mombasa abiria hushushwa Miritini. Safari ya mwisho hubaki mikononi mwa bodaboda, kwa bei anayoijua yeye.

Reli inapokatika

Kuna hatari moja zaidi. Mji ukishajipanga juu ya treni, kukatika kwa treni huumiza mara mbili. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalikula tuta la reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, ambako njia inafuata bonde la mto Mkondoa, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Vijiji vya Kidete na Gulwe, vyenye barabara mbovu, vilibaki kama visiwa. Kwenye njia ya kaskazini, mabonde ya Ruvu, Wami na Mkomazi nayo ni nchi ya maji. Kuahidi treni bila kutenga fedha za makalavati na matuta ni kumshauri mama wa jukwaani achukue mkopo kwa dhamana ya mvua kutonyesha.

Treni ya mji

Mtu wa shirika la reli atajibu, na jibu lake lina uzito. Njia ni moja, sehemu za kupishana ni chache, vichwa ni vichache, na kinacholipa ni saruji na mafuta, si mama na mtoto mgongoni. Kila kusimama ni dakika, na kila dakika ni dizeli. Kweli. Lakini hoja hiyo inaihukumu treni ndefu ya masafa, si treni fupi. Dar es Salaam ilionyesha mwaka 2012: mabehewa ya zamani na njia ya zamani vilitengeneza treni ya mjini ambayo watu, bila kuulizwa, waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa wakati huo. Watu hukipa jina kile wanachokitumia kila siku.

Kaskazini inahitaji Kipisi yake. Mabehewa matatu kutoka Same alfajiri, kupitia Lembeni na Kahe, yafike Moshi kabla ya kliniki na ofisi kufunguliwa, yarudi jioni. Mengine ya Korogwe na Tanga kwa mtindo huo. Halmashauri zichangie, kwa sababu faida ni yao: ziweke taa na choo stesheni, kituo cha bajaji, vibanda vya kodi ndogo ndani ya hifadhi. Treni ndefu ya usiku iendelee na kazi yake ya kuwapeleka watu kuhesabiwa, na isidaiwe kazi ambayo ratiba yake haiwezi kuifanya.

Kipimo cha mafanikio ni rahisi na hakihitaji mshauri mwelekezi. Nenda Hedaru, mtafute mama anayeuza karanga karibu na stesheni, umuulize treni inakuja lini. Akisema, "Sijui baba, sikiliza honi," basi reli imefufuliwa na mji haujaguswa. Akikutajia siku na saa bila kugeuza shingo kumuuliza jirani, kisha akaongeza kwamba Alhamisi huwa inachelewa kidogo, treni hiyo ni ya Hedaru.